Nafasi tatu za utafiti kiangazi hiki, jibu linatakiwa Ijumaa: mliopitia njia ya udaktari Marekani, nisaidieni kuamua

BintiNyamagana (Jumapili usiku, Machi)

Wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu, habari za saa hizi.

Niko mwaka wa pili wa chuo hapa Ohio, nasoma bayolojia, na lengo langu ni shule ya udaktari. Kwa wasioujua mfumo wa huku: hutoki form six ukaingia udaktari kama nyumbani. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, humo ndani unamaliza kemia, fizikia na baiokemia, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba. Na ukiomba wanataka waone umeshakaa na wagonjwa, umeshamfuata daktari kazini, na wengi wa unaoshindana nao wanakuwa wameshafanya utafiti. Utafiti wenyewe hufanyika zaidi kiangazi, Juni hadi Agosti, wiki nane mpaka kumi.

Tangu Novemba nimetuma maombi 14. Kumi na moja wamenikataa au wamekaa kimya. Matatu yamekubaliwa, na wote watatu wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

Ya kwanza ni Boston. Chuo kikubwa, jina ambalo hata mjomba wangu wa Igoma analijua. Maabara ya panya waliotengenezwa wapate ugonjwa unaofanana na Alzheimer. Posho ni dola 5,000 kwa wiki kumi, makazi najitafutia. Chumba cha bei ya chini nilichokipata mpaka sasa ni dola 3,400 kwa muda wote huo.

Ya pili ni hapa hapa chuoni kwangu. Profesa aliyenifundisha bayolojia ya seli muhula uliopita ana maabara ndogo ya seli za misuli ya moyo. Yuko yeye, mwanafunzi mmoja wa PhD na fundi mmoja. Dola 4,000 na chumba cha bweni bure. Nje ya Ohio sidhani kama kuna anayekijua chuo chetu.

Ya tatu ni hospitali ya watoto, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Wanalipa dola 15 kwa saa. Kazi ni kupitia mafaili ya vijana wenye selimundu wa miaka 16 hadi 21, kuona ni nani wanaopotea kliniki wanapohamishwa kutoka kwa madaktari wa watoto kwenda kwa wa watu wazima. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu, sasa ana miaka 15. Nimelala naye hospitali, Bugando na huku, siku ambazo siwezi kuzihesabu.

Mama anasema Boston. Mshauri wangu chuoni anasema Boston. Moyo wangu uko kwenye selimundu. Nikikaa peke yangu na kalamu naona ya pili ndiyo inayoniruhusu kuendelea na shifti za wikiendi kwenye nyumba ya wazee (nina cheti cha STNA, yaani msaidizi wa manesi), na hela ile inaingia kwenye kodi ya nyumba yetu.

Grini kadi ninayo. Naomba ushauri wa mtu aliyepita, maana nyumbani kwetu mimi ndiye wa kwanza.

---

MlimaUluguru

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mwaka 2025 NIH, taasisi za taifa za afya za huku, walifuta kabisa programu yao ya kiangazi pale Bethesda, na vituo kadhaa vya REU, zile programu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza zinazolipiwa na NSF (mfuko wa taifa wa sayansi), navyo havikuchukua wanafunzi. Watoto wenye alama nzuri walikaa nyumbani. Kuwa na tatu mkononi ni jambo kubwa, usilichukulie poa.

Mimi niko mwaka wa tatu wa shule ya udaktari, nazunguka wodini. Nikueleze yaliyonipata, halafu upime.

Kiangazi changu cha mwaka wa pili nilichagua jina. Sitalitaja. Mkuu wa maabara alikuwa na watu karibu 40 chini yake. Nilimwona mara mbili: siku ya kukaribishwa na siku ya picha. Nilikabidhiwa kwa mtafiti mmoja aliyekuwa amemaliza PhD yake, mtu mwema kabisa, ila wiki ya nne alipata kazi kwenye kampuni ya dawa akaondoka. Wiki sita zilizobaki nilikuwa nakata ncha za mikia ya panya na kupima DNA yake, kujua yupi ana jeni inayotafutwa na yupi hana. Ni kazi halali, na lazima awepo wa kuifanya. Lakini hakuna aliyeketi na mimi akaniambia panya wale wanajibu swali gani. Bango la matokeo nililosimama mbele yake siku ya mwisho liliandikwa na mtu mwingine.

Miaka miwili baadaye niko kwenye usaili. Daktari mmoja mzee, mpole, akafungua faili langu, akasoma ule mstari wa utafiti, akaniuliza: "Kama matokeo yangekuja kinyume, ungesema nini?" Nilibaki namtazama. Sikuwahi kulijua jibu hilo hata siku moja. Chuo kile hakikunichukua, na mpaka leo nikilikumbuka swali lile natokwa jasho.

Sasa tazama fomu yenyewe ya AMCAS, ile ya kuombea shule ya udaktari, inavyokaa. Una nafasi 15 za kuorodhesha shughuli zako zote tangu uanze chuo: kazi, kujitolea, utafiti, michezo. Kila moja unapewa herufi 700, na nafasi zilizo kati ya maneno zinahesabiwa humo humo. Tatu unazozichagua kuwa zimekugusa zaidi unaongezewa herufi 1,325. Jina la chuo linakaa kwenye kisanduku chake, linasomwa kwa sekunde mbili. Baada ya hapo ni herufi zako, na mtu anayesoma mafaili 60 kwa wiki anajua ndani ya sentensi mbili kama ulifanya kazi au ulikuwepo tu.

Halafu barua ya mapendekezo. Barua ya mtu maarufu asiyekujua huandikwa na msaidizi wake, naye huandika ulifika kwa wakati na ulikuwa na bidii. Ya profesa aliyekuona ukikosea wiki ya pili na kurekebisha wiki ya tano ina mambo ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa piga simu zote tatu. Usitume barua pepe, piga. Uliza ni nani hasa atakaa na wewe mezani kila siku, na kama atakuwepo mpaka Agosti. Uliza kazi yako itakuwa imefika wapi siku unapoingia mlangoni. Halafu omba namba ya mwanafunzi aliyekuwa pale kiangazi kilichopita uzungumze naye bila bosi kuwepo. Wakisita kukupa, hilo nalo ni jibu.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: ingia NIH RePORTER, tovuti ya ruzuku za NIH, andika jina la mkuu wa maabara. Utaona ruzuku zake na tarehe zinapoisha. Ruzuku kubwa ikiwa inaisha Juni na hakuna nyingine, watu wa maabara ile wanatafuta kazi, hawana akili ya kufundisha mtu. Kisha PubMed, hazina ya makala za tiba mtandaoni, utazame kama kuna makala ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ametajwa kama mwandishi.

---

KakaWaKisauni

Dada, umesema una grini kadi, basi shukuru. Naandika haya kwa ajili ya wengine watakaousoma uzi huu wakiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, kama mimi.

Nilipoteza muhula mzima nikijaza fomu za programu ambazo hazingenichukua hata ningekuwa na alama za malaika. REU ni ya raia na wenye ukaaji wa kudumu. Amgen Scholars ya Marekani, programu nyingine ya utafiti wa kiangazi, nayo vivyo hivyo. Masharti hayo yameandikwa chini kabisa ya ukurasa na mimi nilikuwa nasoma juu tu. Zipo zinazopokea wageni: SURF ya chuo cha Caltech, ambayo ipo tangu 1979, na programu ya maabara ya Cold Spring Harbor pale Long Island, iliyoanza 1959. Ushindani wake ni wa kufa mtu, lakini angalau mlango upo.

Na ukipata nafasi nje ya chuo chako, usiguse hata bomba la maabara kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijakuandikia CPT (ruhusa ya kufanya kazi inayohusu masomo) kwenye I-20, ile hati ya chuo inayoambatana na viza yako. Lazima uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, na kazi iwe na uhusiano na masomo yako. Usije ukaambiwa "anza tu, karatasi zitafuata." Karatasi zikichelewa anayefukuzwa nchini ni wewe, aliyekwambia uanze atabaki ofisini kwake.

Njia iliyo nyepesi kwetu ni chuo chako mwenyewe. Ndani ya chuo, wakati wa likizo unaruhusiwa kufanya kazi saa zote, tofauti na zile saa 20 za wakati wa masomo. Mimi ndivyo nilivyofanya, kwa profesa wa kemia niliyemsumbua ofisini kwake wiki tatu mfululizo mpaka akanikubali.

Jambo la mwisho na ni chungu: shule nyingi za udaktari za huku hazipokei kabisa mtu asiye raia wala mkaaji wa kudumu. Angalieni shule moja moja kabla ya kupanga maisha.

---

MamaBarakaColumbus

Mwanangu BintiNyamagana, hujambo. Mimi ni nesi, mwaka wa 19 huku. Mambo ya panya siyajui, nakuletea hesabu.

Toa 3,400 kwenye 5,000, unabaki na 1,600. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula wiki kumi, basi na treni. Hujanunua hata shuka. Tena posho za namna hii mara nyingi hazikatwi kodi mapema, unazipokea zote, halafu mwakani ukijaza fomu za kodi unadaiwa. Binti yangu ilimkuta. Weka kando kidogo kila unapolipwa.

Na shifti zako za wikiendi zikikatika wiki kumi ni shilingi ngapi hizo? Kaa na mama yako muandike kwenye karatasi. Mama anataka Boston kwa sababu anataka kusema kanisani mwanangu yuko Boston, namwelewa, na mimi ningesema. Lakini mama huyo huyo ndiye atakayefanya shifti mbili mfululizo kuziba pengo lako, na hatakuambia.

---

Mchapakazi_Dayton

Mimi nina maoni tofauti. Utafiti si sharti la kuingia udaktari. Nimeona vijana wameingia bila kugusa maabara, MCAT nzuri, GPA (wastani wa alama) nzuri, na saa nyingi za wagonjwa. Wewe tayari ni STNA, unaogesha wazee, unawageuza kitandani. Hiyo ni kazi ya kukaa na wagonjwa kuliko ile ya watoto wa madaktari waliokaa pembeni na koti jeupe. Kaa nyumbani, soma MCAT, fanya shifti, tunza hela.

---

MlimaUluguru

Mkuu Mchapakazi, uko sahihi kwamba shule nyingi haziandiki utafiti kama sharti. Na hizo saa za STNA, mdogo wangu, usije ukazidharau hata siku moja, ni dhahabu.

Ila angalia kalenda. Yeye yuko mwaka wa pili. Akitaka kuingia moja kwa moja baada ya shahada, ataomba mwishoni mwa mwaka wa tatu, fomu zinaanza kupokelewa karibu na mwanzo wa Juni. Kiangazi cha mwakani kitakuwa cha kuandika insha na kusubiri, atakachokifanya humo hakitawahi kuingia kwenye fomu kikiwa kimekamilika. Kwa hiyo hiki ndicho kiangazi chake cha mwisho kinachohesabika, labda aamue kukaa mwaka mmoja kabla ya kuomba, jambo ambalo wengi siku hizi wanalifanya na si aibu. MCAT ni mtihani wa saa saba na nusu, unahitaji miezi yake peke yake. Usichanganye na wiki kumi za maabara, utaharibu vyote viwili.

---

UpangaMashariki

Nimechelewa kuuona uzi huu. Nafanya kazi kwenye utafiti wa selimundu Dar es Salaam, kwa hiyo nafasi ya tatu imenigusa.

Kwanza pole na hongera kwa kumlea mdogo wako. Hapa Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, wagonjwa walianza kuandikishwa na kufuatiliwa mwaka 2004, na kazi iliyo nyuma ya takwimu zote unazozisikia ilikuwa hii hii uliyopewa: mtu anakaa na faili, anasoma ukurasa kwa ukurasa, anajaza fomu. Usiione ndogo kwa sababu haina darubini. Dawa ya hydroxyurea ilikubaliwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1998, kwa watoto ikasubiri mpaka 2017. Tiba za jeni zilikubaliwa huko Desemba 2023. Lakini dawa haimfikii kijana aliyeacha kuja kliniki, na kipindi hicho cha kuhama kutoka kwa watoto kwenda kwa watu wazima ndipo wengi wanapoharibikiwa. Swali la hospitali hiyo ni swali la kweli.

Sasa onyo, na tafadhali lichukue kwa uzito. Utafiti unaogusa mafaili ya wagonjwa hauanzi mpaka bodi ya maadili iidhinishe. Hapa kwetu ni hivyo, huko kwenu ni hivyo. Kama kibali hakijatoka siku unapofika, hutaruhusiwa kufungua faili hata moja. Nimewaona wanafunzi wazuri kutoka nje wakikaa hapa wiki saba wanasoma makala kwenye kiti, wiki ya nane kibali kinatoka, wiki ya tisa wanapanda ndege. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize "mna kibali?" Watasema kinakuja. Uliza namba ya kibali na tarehe kilipotolewa.

Na jiulize pia, mdogo wangu, kama uko tayari kusoma mafaili mia ya watoto waliolazwa kwa maumivu, baadhi yao hawakurudi nyumbani, ukiwa na wako aliyelala chumba cha pili. Wengine inawapa nguvu. Mimi nilishindwa mwaka wa kwanza, nikaomba kuhamishiwa upande wa maabara, nikarudi baadaye.

---

BintiNyamagana (Alhamisi)

Nimesoma kila neno, na nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Nilipofika pale kwenye shifti mbili mfululizo mama akanyamaza kidogo, akasema mama Baraka amesema kweli.

Simu nimepiga zote.

Boston: msimamizi wangu wa kila siku angekuwa mtafiti mmoja ambaye mkataba wake unaisha Julai. Waliniambia wenyewe bila kuficha, na nawashukuru kwa hilo. Baada ya hapo "tutakutafutia mtu." Nilipoomba namba ya mwanafunzi wa mwaka jana waliniahidi watanitumia. Leo siku ya tatu.

Hospitali: daktari mwenyewe alipokea simu, tukaongea dakika 40. Nilipouliza tarehe ya kibali akashusha pumzi, akasema maombi yako kwa bodi na yamerudishwa mara moja kufanyiwa marekebisho. Anategemea Julai. Kaka/dada UpangaMashariki, bila wewe nisingeuliza.

Chuoni kwangu: niliongea na mwanafunzi wa PhD. Ana miaka miwili mbele yake, haendi popote. Alinieleza jaribio atakaloniachia: seli za moyo wa panya zinapowekewa sumu kidogo ya haidrojeni peroksaidi, kuna protini inaitwa ERK inawaka haraka sana. Wanataka kujua kama kuwaka huko kunailinda seli au kunaimaliza. Akasema, "Swali hilo litakuwa lako, mimi nitakuwa meza ya pili." Mwanafunzi wa mwaka jana nilimpata siku hiyo hiyo, akaniambia profesa ana ukali wake kwenye daftari la maabara, kila kitu kiandikwe siku hiyo hiyo, lakini hajawahi kumuuliza swali akarudishwa.

Ila bado moyo unauma kuhusu selimundu. Naona kama namsaliti mdogo wangu.

---

UpangaMashariki

Ni dada. Na humsaliti. Mpigie yule daktari tena umwambie ukweli: kiangazi nakaa chuoni, lakini kibali kikitoka nataka kuja Septemba, saa sita au nane kwa wiki, mpaka nimalize chuo. Daktari anayetafuta mtu wa kupitia mafaili, akipata mtu atakayekaa miaka miwili badala ya wiki kumi, hawezi kukataa. Wakati unasubiri, fanya yale mafunzo ya maadili ya utafiti ya CITI, yanafanyika mtandaoni. Kibali kikitoka wewe uwe tayari.

---

MlimaUluguru

Hapo dada amemaliza. Wiki kumi peke yake ni kidogo sana kwa utafiti, mtu anajifunza kushika vifaa tu ndipo muda unaisha. Ukiwa chuoni kwako unaweza kuendelea muhula mzima unaofuata, meza ile ile, watu wale wale. Boston ungeondoka Agosti na kila kitu kingebaki huko.

Ukiwakatalia Boston, andika vizuri na andika leo. Kuna mtoto yupo kwenye orodha ya kusubiri.

---

BintiNyamagana (MREJESHO, Agosti)

Wakubwa zangu, niliahidi mrejesho.

Nilibaki chuoni. Wiki mbili za kwanza nilikuwa najifunza kulisha seli na kutozichafua, na nilizichafua mara mbili. Wiki ya tatu nikaanza kipimo cha protini, kile cha westani bloti. Kwa wasiokijua: unatenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, unazihamishia kwenye utando mweupe mdogo kama kadi ya benki, halafu unaloweka utando huo kwenye kitu cha kuziba nafasi tupu ili kingamwili isishike kila mahali. Hicho cha kuziba huwa ni maziwa ya unga. Maziwa kabisa, yale ya dukani yasiyo na mafuta, gramu tano kwenye mililita mia. Kisha kingamwili usiku kucha kwenye friji, kesho yake unaosha, unapiga picha.

Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeusi yote. Ya pili nyeusi. Ya tatu nyeusi, na siku hiyo nililia chooni. Siku sita za kazi, na nilikuwa na hakika wananijutia.

Yule mwanafunzi wa PhD alivuta kiti, akafungua daftari langu akafuata hatua moja moja kwa kidole. Alipofika kwenye maziwa akasimama. Akaniuliza, "Unatafuta ERK ipi?" Nikamwambia ile iliyowaka, yenye fosfeti. "Protini kubwa ya kwenye maziwa ni ipi?" Nikasema kasini. Akanyamaza akaniacha. Nikaenda kusoma. Kasini yenyewe imejaa fosfeti! Kwa kingamwili ya kutafuta fosfeti inashauriwa uache maziwa, utumie albumini ya ng'ombe, maana hayo maziwa yanaweza kuuchafua utando mzima. Nikarudia na albumini. Kesho yake saa nne asubuhi picha ikatoka: mistari miwili myembamba imesimama sambamba, imekolea dakika ya kumi baada ya sumu, imefifia dakika ya sitini. Nimeibandika juu ya kitanda changu. Alikuwa anajua tangu mwanzo wa kuvuta kiti, na angeweza kuniambia kwa sekunde tano.

Tumefanya pia upande wa pili, kuzuia ERK isiwake kwa dawa halafu kuhesabu seli zinazokufa. Zilikufa nyingi zaidi. Tumerudia mara nne. Bango nimeandika mwenyewe, profesa alilirudisha likiwa na wino mwekundu mara tatu.

Wikiendi nimefanya shifti zangu zote isipokuwa mbili.

Kibali cha hospitali kilitoka Julai 29. Wangenichukua Juni ningekuwa na siku chache tu za kazi. Daktari alinipigia mwenyewe. Cheti cha CITI ninacho. Naanza wiki ya kwanza ya Septemba, Jumamosi moja moja na Jumatano jioni. Nilimwambia mdogo wangu nitakachokuwa nakifanya. Akauliza kama nitasoma na faili lake, nikamwambia hapana, la kwake liko hospitali nyingine. Akasema, "Basi waulize hao wengine kwa nini wanaacha kwenda, mimi najua kwa nini ningeacha." Nimemwomba aniandikie. Ameandika kurasa mbili.

---

MamaBarakaColumbus

Hongera mwanangu. Mwambie mama nitamtafuta.

---

MlimaUluguru

Nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye ngazi za hospitali. Nakuuliza kama yule mzee alivyoniuliza mimi: zile seli mlizozuia ERK, kama zingekufa chache badala ya nyingi, ungesema nini?

---

BintiNyamagana

Ningesema labda ERK ndiyo inayoisukuma seli ife, na dhana yetu ya mwanzo ilikuwa imegeuka. Lakini kabla ya kusema hivyo kwa mtu yeyote ningetafuta kwanza dawa nyingine inayoizuia ERK kwa njia tofauti nirudie upya, maana huenda dawa ya kwanza inagusa kitu kingine ambacho hatujakipima. Tena ningeangalia kama seli zile zilikuwa zimelishwa siku moja na zingine, kwa sababu kosa hilo nimeshalifanya, liko ukurasa wa 31 wa daftari.